Luanza: kanisa lililoanza na watu waliokimbia

Katika teritware ya Pweto, neno "wahami" huwakumbusha wengi vita vya miaka ya 2000. Lakini kanisa la zamani kando ya Ziwa Moero lilianza nalo kwa watu waliokimbia, zaidi ya miaka 120 iliyopita. Habari hiyo inafaa kujulikana na familia ambazo leo ziko mbali na vijiji vyao.

Wakati ule sehemu kubwa ya Katanga ilikuwa chini ya Mwami Msiri, mkubwa wa Wayeke, aliyekaa Bunkeya. Nguvu yake ilitoka kwenye biashara ya shaba, pembe za tembo na watumwa. Wengi waliokaa Bunkeya hawakuzaliwa pale. Walikuwa wamekamatwa katika vita na kuletwa kutoka mbali, kila mmoja na lugha yake. Mwaka 1886 akafika mmisionari Frederick Stanley Arnot kutoka Scotland, na huo ndio mwanzo wa misheni ya Garenganze. Mwaka 1890 akafika Mskoti mwingine, Dan Crawford, kijana wa miaka 20 hivi.

Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na Kapteni Bodson, wa msafara wa Stairs uliotumwa kwa faida ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Bunkeya ikavunjika. Njaa ikaingia, watu wakatawanyika. Aliyekuwa mtumwa alipata ruhusa ya kwenda, lakini kwenda wapi? Kijiji chake kilikuwa kimechomwa zamani, na ndugu zake hajui walipo.

Crawford alihamia upande wa Ziwa Moero, na watu wengi wa namna hiyo wakamfuata. Mwaka 1894 wakajenga Luanza, juu ya mwinuko unaotazama ziwa. Wenyeji wakampa Crawford jina Konga Vantu, maana yake mkusanyaji wa watu. Wangeweza kumwita mhubiri au mwalimu, lakini walitazama kile walichokihitaji zaidi: mahali ambapo waliotawanyika wanaweza kuwa watu pamoja tena.

Maisha ya Luanza hayakuwa rahisi. Magonjwa yaliua wageni na wenyeji. Utawala mpya wa Wazungu ulileta kodi na kazi ya lazima. Hata hivyo watu walilima, walivua samaki, wakajenga shule, wakajifunza kusoma. Kwa msaada wa waumini waliomfundisha lugha yao, Crawford alitafsiri Agano Jipya katika Kiluba-Sanga, likatoka mwaka 1904. Agano la Kale lilimchukua karibu hadi mwisho wa maisha yake. Alikufa palepale Luanza mwaka 1926. Lakini kanisa halikufa naye, kwa sababu walioshika kazi ni watoto wa wale waliokuja bila kitu.

Miaka mingi baadaye, zamu ya kukimbia ikarudi. Mwanzoni mwa Desemba 2000, waasi wa RCD na jeshi la Rwanda waliiteka Pweto kutoka mikononi mwa jeshi la serikali na wasaidizi wake. Maelfu ya raia walivuka mpaka kuingia Zambia, pamoja na askari walioshindwa. Wengi wakapokelewa katika kambi za Kala na Mwange, na wengine wakakaa huko miaka sita na zaidi, hadi HCR ilipoanza kuwarudisha mwaka 2007.

Waliobaki nyumbani nao hawakupumzika. Mitwaba, Manono na Pweto ziliitwa "pembetatu ya kifo" kwa sababu ya mapigano kati ya jeshi na Mai-Mai wa Gédéon Kyungu Mutanga, ambaye alijisalimisha Mitwaba Mei 2006. Vijiji vilichomwa, na wahami wakajaa Dubie na kwingineko. Amani ilikuwa fupi. Mwaka 2017 watu wa Haut-Katanga na Tanganyika walivuka tena kwenda Zambia, na mwaka 2018 wengi wakapelekwa Mantapala, wilaya ya Nchelenge.

Katika vita hivyo, wapiganaji wa Mai-Mai waliamini kwamba dawa zao zinageuza risasi kuwa maji. Imani ya Luanza haikuahidi kitu kama hicho. Wakristo wa Pweto walikufa kama wengine, walinyang'anywa mbuzi na mihogo kama wengine. Kwa hiyo anayemwambia mhami kwamba aliteseka kwa sababu hakusali vya kutosha, hajui historia ya ziwa hili. Hata Yosefu na Mariamu walimbeba mtoto Yesu usiku kwenda Misri, na hakuna anayesema walikosa imani.

Nguvu ambayo imani ilileta hapa ni ya namna nyingine. Ni kusali pamoja chini ya mti wakati kanisa liko mbali. Ni kuzika maiti kwa heshima hata kama ndugu zake hawapo. Ni mama anayegawa bukari kidogo kwa mtoto ambaye si wake. Mambo hayo hayazuii vita, lakini yanazuia vita visimalize watu. Aliyepoteza nyumba na shamba bado ana mahali ambapo jina lake linajulikana, na mtu wa kuuliza yuko wapi asipoonekana Jumapili.

Waliokuja Luanza mwaka 1894 hawakuwa na ukoo mmoja wala lugha moja. Wajukuu wao leo wanaitwa wenyeji. Familia inayopokea wahami Pweto, Kilwa au Lubumbashi inafaa kukumbuka hilo inapofungua mlango.