Unene, Wembamba na Ulaji wa Wasichana Ubungo

Kabla mashamba ya Goba, Kwembe na Kibamba, katika wilaya ya Ubungo, hayajamezwa na jiji la Dar es Salaam, Wazaramo wa maeneo hayo walimweka ndani msichana aliyevunja ungo, wakamwita mwali, na kwa miezi mingi, zamani hata miaka, alipunguziwa kazi, akafundwa na kungwi, yaani mwanamke mzima aliyekabidhiwa mafunzo yake, na akalishwa ili siku ya kutolewa awe amenawiri. Mtafiti Marja-Liisa Swantz, aliyeishi na kuchunguza maisha ya Wazaramo wa Bunju katika miaka ya 1960, aliichambua desturi hiyo katika kitabu chake cha 1970. Unene wa mwali ulishuhudia kwamba ukoo wake una chakula na kwamba yeye yu tayari kuzaa. Ila haifai kuisifu mno desturi hiyo, maana mwali mwenyewe hakuulizwa kama ana njaa.

Mwaka 1873, daktari William Gull wa London na daktari Lasègue wa Paris walieleza anoreksia, maradhi ya akili ambayo mgonjwa hujinyima chakula hadi kudhoofika huku akihofia kunenepa. Bulimia, ambapo mtu hula kupita kiasi kisha akajitapisha, ilielezwa na daktari Gerald Russell mwaka 1979. Kwa muda mrefu wataalamu waliyahesabu kuwa maradhi ya Wazungu wenye nafasi, na Dar es Salaam dhana hiyo haikupata wa kuipinga, kwa kuwa kukonda kulikuwa na maelezo yake tayari: njaa, kifua kikuu, kurogwa na, baada ya wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi kugunduliwa Kagera mwaka 1983, virusi. Hofu ya kudhaniwa mgonjwa huenda iliwakinga wengi wasitamani wembamba, lakini pia ilimficha aliyeugua kweli.

Hata kabla ya hapo, umbo la msichana lilikuwa limekwisha kuwa jambo la siasa. Mwaka 1968, ambao kiwanda cha nguo cha Urafiki kilianza kazi Ubungo, Umoja wa Vijana wa TANU uliazimia kupiga vita sketi fupi, mawigi na mafuta ya kujichubua, na mashindano ya urembo nayo yakakoma. Yalirudi mwaka 1994, mwaka ambao televisheni ilianza Tanzania Bara. Utafiti wa Eddy na wenzake kuhusu wanawake 214 wa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2007, ulihusisha dalili za matatizo ya ulaji na kukutana na vyombo vya habari vya Magharibi. Hata hivyo, televisheni haielezi yote, kwa sababu Sinza na Manzese husifu pia umbo namba nane, na kuna wasichana waliotumia dawa za Kichina kukuza makalio. Anayeitwa kimbaumbau na anayeitwa bonge wote huonewa, na juu ya hayo, maradhi ya ulaji huchangiwa pia na urithi wa damu, wasiwasi na mazoea ya kujinyima.

Tiba iliyopimwa mwaka 1987 katika hospitali ya Maudsley, London, huwakabidhi wazazi usimamizi wa milo ya kijana mwenye anoreksia, kisha humrudishia uamuzi hatua kwa hatua, jambo ambalo kungwi hakulikusudia. Aliyedhoofika sana hulishwa polepole chini ya daktari, kwani fosfeti ya damu ikishuka ghafla moyo huweza kusimama, na kwa bulimia hutumika mazungumzo ya kubadili fikra na tabia. Mloganzila, hospitali iliyoko Kwembe, imepata sifa mjini kwa puto linalowekwa tumboni kupunguza uzito, ilhali msichana anayejitapisha huenda akaanza kwa kupimwa vidonda vya tumbo.