Mifupa Mikavu

Huku kwetu Kitui na Makueni wazee husema, "Ni shauri ya Mungu", vijana husema, "Hakuna faida." Maneno ni mawili, ugonjwa ni mmoja: tumekata tamaa.

Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa serikali ya kikoloni, aliandika kwamba nchi ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa ndani yake, inageuka jangwa la mawe na mchanga. Serikali ikalazimisha matuta, watu wakayachukia. Lakini baada ya Uhuru mama zetu waliyachimba kwa hiari, kwa mwethya, na udongo ukakaa.

Ezekieli alipoulizwa habari za mifupa mikavu, hakujibu kwamba haiwezekani. Nasi tusijibu hivyo. Mzee na kijana, tushike jembe pamoja. Mungu atusaidie.