Mafuta ya Ng'ombe, Ngozi ya Mtu

Arimis ilitengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Si siri, kopo lenyewe linasema ni mafuta ya kukamulia: ya kulainisha chuchu zisipasuke na vidole vya mkamuaji visikwaruze. Kwa Kikuyu, arimi ni wakulima. Lakini ingia duka lolote Kitale mwezi wa Januari, simama kando ya kaunta dakika tano, halafu uhesabu wanunuzi wa Arimis wenye ng'ombe nyumbani. Mama ananunulia mtoto wa shule. Mtu wa boda ananunua ya midomo. Hakuna anayecheka, kwa sababu sote tumepakwa.

Watu wengine huona jambo hili ni kichekesho cha mashambani. Mimi naona ngozi ya mtu wa Trans Nzoia na Bungoma imetunzwa na ng'ombe kwa miaka mingi kuliko ilivyotunzwa na duka, na Arimis ni ng'ombe huyo huyo amerudi kupitia mlango wa nyuma.

Kwanza tuelewane kuhusu hewa. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma karibu 1,400. Kuanzia Desemba hadi Machi mvua inakatika, upepo unatoka kaskazini mashariki ukiwa umekauka, mahindi yameshavunwa, mashamba yako wazi na vumbi halina wa kulizuia. Midomo inapasuka. Visigino vinafanya magaga. Miguu inapauka. Na kupauka si ugonjwa, ni ngozi tu imekosa maji mpaka tabaka lake la juu likajikunja kama magamba madogo yanayorudisha mwanga. Kwenye ngozi nyeusi weupe huo unaonekana kutoka ng'ambo ya barabara, na ndiyo maana ni aibu. Mtoto aliyepauka anaisema nyumba aliyotoka kabla hajafungua mdomo.

Zamani dawa yake ilikuwa samli. Wabukusu, Wasabaot, Wapokot, hawa wote ni watu wa ng'ombe, na siagi iliyopikwa ikatulia ilikuwa chakula na mafuta ya mwili kwa pamoja. Kwa Kilubukusu mafuta ni kamafura, na neno halikuuliza kama ni ya sufuria au ya mguu. Ukivuka Elgon ukaenda kaskazini mwa Uganda, Walango na Waacholi walikuwa na moo yaa, mafuta ya mti wa shea, kwa kazi zile zile. Wakikuyu walikuwa na mbarika. Kila mtu alipaka alichokuwa nacho, na kung'aa kulimaanisha kwamba kwenu kuna maziwa ya ziada na kuna mtu aliyekaa chini akakupaka.

Kitu ambacho sikioni katika desturi hizo ni hofu ya kuzeeka. Bungoma umri haukusomwa usoni. Mwanamume wa Kibukusu alihesabiwa kwa rika lake la kutahiriwa: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma, Sawa. Marika manane, na yakiisha yanaanza upya, kwa hiyo kuzeeka kulikuwa ni kusogea kwenye mstari, kuwapisha wengine. Tohara hiyo bado iko, Agosti ya kila mwaka wa shufwa, na asubuhi ile kijana anapakwa tope la mtoni, likamkaukia mwilini akaja nyumbani amepauka kuliko mtu yeyote kijijini. Ndiyo siku pekee ambayo kupauka ni heshima. (Wanawake hawakuwa na mstari huo wa marika. Nadhani si bahati mbaya kwamba miaka mingi baadaye ni wao waliouziwa wasiwasi wa makunyanzi.)

Basi wakaja walowezi. Mashamba ya Trans Nzoia yalianza kugawiwa Wazungu kabla tu ya Vita vya Kwanza, na baada ya 1919 wakaongezwa wanajeshi waliostaafu. Reli ikafika Kitale 1926. Hawa watu waliliogopa jua kupita kiasi. Mwaka 1905 daktari wa jeshi la Marekani, Charles Woodruff, alikuwa ameandika kitabu kizima kudai kwamba mwanga wa tropiki unaharibu mwili na akili ya mtu mweupe, na Kenya waliamini: kofia ngumu, kofia pana za tabaka mbili, hata vitambaa vya kukinga uti wa mgongo. Mengi yalikuwa upuuzi. Lakini walivaa kofia, na kofia inafanya kazi hata ukiivaa kwa sababu ya upuuzi.

Aliyelima hakupewa kofia. Alipewa kipande. Kuanzia 1919 na 1920 kila mwanamume Mwafrika aliyeonekana kufika miaka 16 alitakiwa kuandikishwa na kubeba karatasi hiyo shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Aliyeonekana, yaani karani anakutazama anaamua. Cheti cha kuzaliwa hakukuwa nacho. Sheria ya 1918 kuhusu wafanyakazi wanaoishi mashambani nayo ikawafunga maskwota: ukikaa kwenye ardhi ya mlowezi unamfanyia kazi siku 180 kwa mwaka. Siku hizo zote ni za jua, katika mwinuko ambao jua lake si la mchezo. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10, kwa hiyo ya Kitale inaizidi ya Mombasa kwa karibu moja ya tano, ingawa Mombasa ndiko mtu anakolalamikia joto. Huku juu kuna baridi, unaungua bila habari.

Na madaktari wa Ulaya walikuwa wameshajua. Mjerumani Paul Unna alieleza mwaka 1894 jinsi ngozi ya mabaharia inavyobadilika. Miaka miwili baadaye Mfaransa Dubreuilh akaona jambo hilo hilo kwa wafanyakazi wa mashamba ya mizabibu karibu na Bordeaux: shingo na mikono ya nje imezeeka, sehemu zilizofunikwa na nguo bado changa. Ninapenda kwamba elimu hii haikuanzia kwa matajiri. Ilisomwa kwenye migongo ya vibarua.

Sabuni ilikuja na misheni. Waquaker walifika Kaimosi 1902, wakasambaa mpaka huku, Wakatoliki nao wakajenga, na kila shule ilifundisha usafi sambamba na sala. Siwezi kuikashifu sabuni, imeokoa watoto wengi. Lakini ngozi yenye afya ina asidi kidogo, pH yake karibu 5, na sabuni ya kipande iko 9 au 10. Inaondoa uchafu na mafuta ya mwili kwa mkupuo mmoja. Halafu kuna hili ambalo mtu aliponieleza nilidhani ananitania: sabuni inapotengenezwa hutoka glisarini, kitu kinachovuta maji na kuyashika ngozini. Viwanda vikubwa huitoa glisarini hiyo kwa sababu ina bei nzuri kwingine. Kwa hiyo unanunua kipande cha kukukausha, kisha unarudi dukani kununua kichupa cha glisarini ili ujilainishe.

Samli ikarudi jikoni. Mashamba yalikuwa yamechukuliwa, ng'ombe wamepunguzwa, maziwa sasa yanapelekwa KCC, chama cha ushirika cha walowezi kilichoanzishwa 1925. Tena mafuta ya ng'ombe yalianza kuitwa harufu. Nafasi yake ikajazwa na Vaseline na jamaa zake. Hiyo nayo ilitoka kwa vibarua: mwaka 1859 kijana mkemia Robert Chesebrough alienda Titusville, Pennsylvania, akakuta wachimba mafuta wanapaka majeraha yao utando mzito unaoganda kwenye mitambo. Akausafisha, na 1872 akapata hataza. Familia zisizomudu zilipaka Kimbo, mafuta ya kupikia kabisa, na tusijidanganye ati ni hadithi za kale. Sokoni bado kuna mafuta ya kupima, unachotewa kwa kijiko ya pesa uliyonayo.

Mafuta haya hayaongezi maji, yanafungia tu yaliyopo. Ukijipaka ngozi ikiwa imekauka kabisa, umefungia ukame. Kukhu yangu huko Bungoma hajawahi kusikia neno hilo la kufungia, lakini alitupaka tukiwa bado na majimaji, kabla ya taulo, akianzia miguuni. Alikuwa sahihi kuliko maelezo ya nyuma ya chupa nyingi.

Krimu za uso zilipoanza kujaa madukani ziliuza ahadi mbili kwa pamoja, ujana na weupe. Bei ililipwa na figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika British Medical Journal kwamba kati ya wagonjwa 60 wa nefrosisi, 32 walikuwa wametumia krimu za kung'arisha zenye zebaki. Serikali ilikuja kupiga marufuku vipodozi vya zebaki na haidrokwinoni mwaka 1998. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi hapo katikati. Na dawa hizo hazikuzuia uzee. Ngozi ikinyang'anywa rangi yake inanyang'anywa kinga, na jua la Kitale halina huruma kwa ngozi iliyoachwa wazi.

Leo msichana wa miaka 22 hapa Bungoma mjini anaambiwa na simu yake kwamba amechelewa kuanza kuzuia makunyanzi. Mimi sina ubaya na krimu ya jua. Ndiyo kitu kimoja kwenye rafu ile yote chenye ushahidi wa kutosha. Ila mara nyingi imetengenezwa kwa ngozi nyingine, inakuacha na rangi ya majivu, yaani unalipa ili upauke. Na bei ya chupa ndogo ni vibarua vya siku kadhaa.

Mwezi wa Mei, wakati wa palizi, pita barabara ya kutoka Kitale kwenda Endebess asubuhi. Wanawake wako mistarini kwenye mahindi ya mbegu, mahindi ya mtu mwingine. Wamevaa kofia ya mitumba juu ya leso, leso imezungushwa mpaka shavuni, mikono ya sweta imevutwa hadi vidoleni ingawa joto limeshaanza. Hakuna aliyewaagiza. Jembe likipumzika, mmoja anatoa kopo dogo kwenye mfuko wa aproni, anachota kwa kidole, anapaka midomo na kupitisha kwa mwenzake, na kopo linaenda hivyo mpaka mwisho wa mstari.