Nepi ya kitambaa haikuzaliwa huku

Kuna hii stori imeshika mtandaoni: ati watu wa kitambo walitumia nepi za kitambaa, sisi ndio tumeharibiwa na Pampers, kwa hivyo turudi kwa mila. Poa. Lakini mila ya nani? Hebu panda na barabara kutoka Kitale, pita Lodwar, pita Kakuma na Lokichoggio mpaka Nadapal, karibu na mpaka wa Sudan Kusini. Uliza hilo swali ukiwa huko.

Turkana ya zamani ilivaa ngozi. Mtoto alibebwa kwa ngozi ya mbuzi, na mara nyingi alikaa uchi. Kitambaa cha pamba kilikuwa mali ya biashara. Kuanzia miaka ya 1830, wafanyabiashara wa Salem, Marekani, walileta Zanzibar pamba ngumu, ndiyo ikaitwa merikani. Misafara iliibeba bara kama pesa. Hata Teleki alipofika ziwani mwaka 1888 na wapagazi wa pwani, vitambaa na shanga ndizo zilikuwa pochi yake. Sasa niambie, nani angemfunga mtoto pesa matakoni?

Na si kwamba watoto walichafua kila mahali. Mwaka 1977 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti wa Marten na Rachel deVries kuhusu Wadigo wa pwani yetu. Mama alianza kumzoesha mtoto wiki za kwanza kabisa: anampakata kwa mkao fulani, anatoa sauti fulani, mtoto anakojoa. Kufikia miezi mitano au sita, mtoto alikuwa mkavu mchana na usiku. Wadigo si Waturkana, najua, lakini hao ni Wakenya waliolea bila nepi na mambo yakaenda.

Nepi ya mraba yenye pini ni mgeni. Walter Hunt wa New York alisajili pini ya usalama mwaka 1849, na nepi yenyewe inadai sabuni, beseni na maji mengi. Pampers ilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 1961, ilimtoa mama kwa kazi ya kufua. Yule mama alikuwa na bomba ndani ya nyumba, na bado alichoka!

Sasa piga hesabu. Kiwango cha UNHCR kambini, dharura ikishapita, ni lita 20 za maji kwa mtu kwa siku. Nepi sita, uloweke, ufue, usuuze mara mbili: jerikeni hiyo imeisha. Yaani nepi za mtoto zimekunywa maji ya mtu mzima. Mto Tarach wa Kakuma ni wa msimu, ukikauka watu wanachimba mchanga. Mwaka 2013 tulitangaziwa ziwa la chini ya ardhi Lotikipi, nchi nzima ikashangilia, kumbe maji yalipopimwa yana chumvi. Na anayebeba hiyo jerikeni kwa kawaida ni msichana, si yule jamaa wa kuposti.

Sitetei za kutupa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, lakini nepi yenye plastiki ndani ikabaki dukani. Ukiitupa laga, mvua ikinyesha inaenda na mafuriko.

Kama unachagua kitambaa kule, mimi ningechukua kile chepesi cha kukunja, leso kuukuu iliyokatwa mraba, si zile za mfuko na pedi nene. Kinyesi kinakung'utwa chooni kwanza. Maji ya kusuuza ya mwisho yanaloweka zinazofuata. Jua la Lodwar linakausha leso haraka kuliko utakavyochemsha chai. Usiku au safarini, nunua ya dukani bila aibu. Mchana mwache uchi kivulini, kwa sababu hiyo ndiyo mila, kama kweli ulikuwa unaitafuta.