Riziki

Mtaani Jericho, jirani na Jerusalem (Eastlands ya Nairobi ina Nchi Takatifu yake), Wakristo husali Sala ya Bwana kwa namna mbili. Wakatoliki huomba mkate wa kila siku. Wanaosoma Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, huomba riziki. Neno hili limetoka Kiarabu, na Waislamu wa pwani walilizoea zamani. Watafsiri hawakuliogopa, na walifanya vyema. Mkate ni chakula. Riziki ni chochote kinachomfikia mtu kwa mkono wa Mungu, hata kibarua cha siku moja.

Shuka sokoni Gikomba alfajiri uone. Robota la mitumba hununuliwa likiwa limefungwa. Mchuuzi hulipa kwanza, kisha hukata kamba akiomba kimoyomoyo, huku wateja wamemzunguka wakivizia "kamera", yaani zile nguo safi za daraja la kwanza. Zikiwamo, utasikia, "Asante Yesu!" Zikikosekana, atasema leo riziki haikuwapo. Hapo ndipo tunapotofautiana. Wahenga walisema riziki kama ajali, huitambui ijapo. Pengine siku hiyo ilikuja kupitia jirani wa kibanda aliyemkopesha nauli ya matatu hadi Kayole, na mchuuzi akaiita bahati.

Kitenzi cha ukoo huohuo ni kuruzuku. Siku hizi serikali imekimiliki kwa habari za ruzuku ya mbolea, lakini mwenye kuruzuku, katika Kiswahili cha asili, ni Mungu.