Kiendeshi cha Nvidia kinapozozana na maktaba za CUDA

WATUMIAJI wengi wa Ubuntu hufuta mfumo mzima, na kazi zao zikapotea, kwa sababu ya hitilafu isiyostahili adhabu hiyo. Hitilafu yenyewe ni kutolingana kwa kiendeshi, yaani programu inayoiongoza kadi ya michoro ya Nvidia, na maktaba za CUDA zilizozinduliwa mwaka 2007 ili kadi hizo zitumike kukokotoa hesabu.

Kiendeshi kikisasishwa tarakilishi ikiwa kazini, sehemu yake ya zamani husalia katika kiini cha mfumo ilhali maktaba zake zimekuwa mpya. Hapo, kuiwasha upya tarakilishi hutosha.

Kuna wanaopotoshwa na amri ya nvidia-smi. Nambari ya CUDA inayoonyeshwa humo ni upeo ambao kiendeshi chaweza kuhimili, wala si toleo lililowekwa. Hilo hutajwa na nvcc --version. CUDA 12.0 kwenye Linux, kwa mfano, hudai kiendeshi 525.60.13 au cha baadaye. Kiendeshi kipya hupokea maktaba kongwe bila taabu.

Mzozo mkali huzuka vifurushi vikichotwa kutoka hazina mbili, ya Ubuntu na ya Nvidia. Kifurushi cha cuda huja na kiendeshi chake, hivyo hugongana na kilichokuwapo. Dawa ni kuviondoa vifurushi vya Nvidia kwa apt purge, kuchukua kiendeshi kutoka hazina moja tu, kisha kuweka cuda-toolkit, ambacho hakibebi kiendeshi. Aliyetumia faili ya .run huanza na nvidia-uninstall, maana apt haiitambui kazi hiyo. Nyaraka za mtumiaji haziguswi.