Njia ya Kwenda Chuo Kikuu

Fungueni madaftari yenu. Leo tutajifunza historia ya elimu ya watu wenye ulemavu.

Mwaka 1950 wamisionari wa Kianglikana walifungua shule ya wasioona huko Buigiri, Dodoma. Watoto walijifunza kusoma kwa vidole, kwa maandishi yaitwayo nukta nundu. Katika miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanza kupokea wanafunzi wasioona. Lakini kupokewa peke yake hakutoshi. Asiyeona atakisomaje kitabu cha wino? Kwa hiyo Chuo kiliweka kitengo maalum cha kuwahudumia, ili wapate masomo na mitihani kwa nukta nundu.

Sasa turudi huku kwetu, Shinyanga na Geita. Tangu kama mwaka 2006 watu wenye ualbino waliuawa katika mikoa ya Ziwa. Waganga wapiga ramli waliwadanganya watu kwamba viungo vyao huleta dhahabu machimboni na samaki ziwani. Watoto wengi walikimbizwa makwao. Baadhi yao walipelekwa Shule ya Msingi Buhangija, mjini Shinyanga, iliyokuwa ikifundisha wasioona na wasiosikia.

Hapo walisalimika. Lakini ukuta hulinda uhai tu, haufundishi. Mtu mwenye ualbino haoni vizuri mbali, na ngozi yake haina rangi ya kuikinga na jua. Akiwa shule ya msingi au Chuo Kikuu, anahitaji kukaa mbele, kusoma maandishi makubwa, kuvaa kofia pana na kupaka mafuta ya kukinga jua. Akikosa hayo hushindwa mtihani, na watu husema hana akili. Kumbe aliyekosa ni yule aliyemweka nyuma ya darasa.

Mwaka 2010 Bunge lilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, inayowapa haki ya kusoma kama wengine. Na mwaka 2015 Dakta Abdallah Possi, mwenye ualbino, aliyekuwa mhadhiri wa sheria Chuo Kikuu cha Dodoma, aliteuliwa kuwa Naibu Waziri. Basi tazameni wenyewe: faida ya mtu huyo kwa nchi ilitoka katika elimu yake.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini kupokewa chuoni peke yake hakutoshi?
2. Mtoto mwenye ualbino akaeje darasani, na kwa nini?
3. Katika kijiji chenu, ni mtoto gani mwenye ulemavu ambaye hajapelekwa shule? Mtafanya nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.